Kabla ya kupiga Windows upya: maswali tunayoulizwa mezani kila siku

Majibu haya ni kwa wateja wetu wa Arusha mjini na pembeni, kuanzia Ngaramtoni mpaka Usa River. Tumeyaandika kwa sababu simu tunazopokea ni zilezile, na nyingi hupigwa mtu akiwa ameshafuta mafaili yake. Kupiga Windows, yaani kuisakinisha, siku hizi hata mtoto wa kidato cha pili anaweza. Kinachotutoa jasho ni kurudisha kitu ambacho mwenye mashine hakujua kama alikuwa nacho.

Kompyuta yangu imekuwa nzito. Nipige Windows upya tu yaishe?

Si lazima. Angalia kwanza ndani kuna diski gani. Kama bado ni ile ya zamani inayozunguka, Windows mpya itakufurahisha wiki mbili, kisha utarudi palepale. Weka SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, hata ya GB 240, ndipo upige Windows juu yake.

Halafu pima afya ya diski. Kuna programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo: ikionyesha bluu uko salama, njano ni tahadhari, nyekundu diski inakata roho. Ukiona njano au nyekundu, usifomati wala usiendeshe programu za "kusafisha". Nakili mafaili yako siku hiyohiyo, kisha nunua diski nyingine.

La tatu ni vumbi, na hapa kwetu tunalijua. Feni ikiziba, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inapata joto na kujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Tumeshapuliza vumbi, tukabadilisha pasta ya joto, na mteja akaondoka na Windows yake ileile akishangaa kama amebadilishiwa mashine. Kazi hiyo ni rahisi kuliko kufuta kila kitu.

Nimesikia Windows 10 imeisha muda. Ni kweli?

Ni kweli. Microsoft ilikoma kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haizimiki, inaendelea kuwaka kama kawaida, ila haipati tena marekebisho ya usalama. Kuna mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani unaofika tarehe 13 Oktoba 2026, na lazima ujiandikishe. Ukiwa na mashine ya kuandikia barua tu na haiingii mtandaoni, usikose usingizi. Ukiwa unafanya malipo ya benki na kupokea barua pepe za wageni, anza kupanga.

Nitajuaje kama mashine yangu inaingia Windows 11?

Tazama jina la prosesa. Kwa Intel, soma namba inayofuata baada ya i3, i5 au i7. i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni kizazi cha 8. Kwa kawaida Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4 na diski ya GB 64. RAM ya GB 4 ni ya kwenye karatasi tu; kwa kazi za kweli anzia GB 8.

Mtihani wetu mjini ni hizi laptopu za mtumba. HP EliteBook 840 G3 ziko kila ofisi, ni imara, kibodi yake tamu, lakini ni kizazi cha 6. Kuna njia za kulazimisha, na watakaokufanyia wapo. Tatizo ni kwamba Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine ya aina hiyo, na toleo la 24H2 la Windows 11 limeshazikataa kabisa baadhi ya prosesa za kale. Kwa mashine ya mtoto wa shule tunalazimisha bila wasiwasi. Kwa mashine inayobeba hesabu za kampuni hatufanyi.

Mafaili yangu yote yako Desktop. Si ninakili hayo tu?

Hapa ndipo watu wanapolia, kwa hiyo tuvumilie tukiwa warefu kidogo.

Fungua diski C, ingia folda ya Users, kisha folda yenye jina lako. Yote yaliyomo humo yabebe: Desktop, Documents, Downloads, Pictures, Videos. Usidharau Downloads. Mikataba, tiketi na risiti zilizokuja kwa barua pepe hubaki humo miaka bila mwenyewe kujua.

Kisha kuna vitu ambavyo havionekani kama mafaili. Barua pepe za Outlook zinaweza kuwa kwenye faili la PST lililojificha ndani ya Documents. Kama akaunti yako ni ya mtindo wa zamani unaoshusha barua na kuzifuta kwenye seva, faili hilo ndiyo barua zako zote, hakuna kwingine zilipo. Kurasa ulizohifadhi na nywila za Chrome zinaweza kupotea kama hukuwahi kuingia kwa akaunti yako ya Google. Vijikaratasi vya njano vya kwenye skrini, ambavyo akina dada wa mapokezi huandikia namba za simu, navyo vinaondoka.

Mhasibu, wewe tunazungumza nawe pembeni. Kunakili folda ya QuickBooks au Tally si sawa na kutoa nakala rudufu kutoka ndani ya programu. Fanya yote mawili. Andika pia namba ya leseni na namba ya bidhaa kwenye karatasi kabla skrini haijafutika. Na kama mashine hiyohiyo ndiyo inayotoa risiti za kielektroniki za TRA, usiiguse kabla hujampigia aliyekuwekea mfumo. Usiku wa tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ritani si wakati wa kujifunza hilo.

Mwisho, OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Faili lenye alama ya wingu pembeni halipo kwenye mashine yako, unaona jina lake tu. Ukilinakili bila intaneti utashindwa, na ukidhani umelinakili utakuwa umejidanganya. Bofya kwa kitufe cha kulia, chagua libaki kwenye kifaa, subiri alama iwe tiki ya kijani.

Ninakili wapi?

Diski ya nje ndiyo kwanza. Google Drive ya bure inakupa GB 15, na sehemu yake imeshaliwa na Gmail na picha za simu. OneDrive ya bure ni GB 5. Kwa mtu wa picha za mbugani hizo hazifiki popote.

Flashi za barabarani zilizoandikwa TB 1 kwa bei ya chipsi mayai, achana nazo. Nyingi zimeghushiwa: ndani kuna GB chache tu, ila zimedanganywa zijitangaze kubwa. Zinapokea mafaili yote bila kulalamika, majina yanaonekana, siku ya kufungua hayafunguki. Ukitaka kuhakikisha, programu ya H2testw inaijaza flashi na kuisoma tena mpaka ukweli ujulikane.

Ukihamisha, tumia kunakili. Usikate na kubandika, maana umeme ukikatika katikati utabaki na nusu huku na nusu kule. Ukimaliza, chomeka diski hiyo kwenye kompyuta nyingine, fungua mafaili kumi hivi ya aina mbalimbali. Picha moja ya zamani, Excel moja kubwa, video moja uitazame mpaka mwisho.

Muda? Kwa tundu la USB 2, GB 100 huchukua karibu saa nzima. Kwa USB 3, lile ambalo mara nyingi lina ulimi wa bluu, ni robo saa na ushee. Mafaili madogomadogo maelfu yanachelewesha zaidi kuliko video moja kubwa, usije ukadhani mashine imeganda.

Kwa nini mnatuambia tuchomoe kila kitu kabla ya kuanza?

Kwa sababu lilishatupata. Miaka ya nyuma ililetwa kwetu kompyuta ya dereva wa watalii, yenye diski ya GB 500. Tukanakili picha zake zote, za miaka mingi ya Serengeti na Ngorongoro, kwenye diski ya nje. Nayo GB 500. Tukaiacha imechomekwa, tukaanza kupiga Windows. Skrini ya kuchagua diski haionyeshi picha ya simba. Inaonyesha namba 0 na namba 1, zote zimeandikwa ukubwa uleule. Kijana wetu akafuta sehemu zote za namba 1. Namba 1 ilikuwa ile ya nje.

Bahati, ile ya ndani ilikuwa haijaguswa, kwa hiyo tulianza kunakili upya tukiwa tunatetemeka. Angeanza na namba 0 kisha akahamia namba 1, tungekuwa tunamweleza mzee yule jambo ambalo hatujui hata lingeelezwaje. Tangu hapo, mashine inapopigwa Windows kwetu inabaki na vitu viwili tu: flashi ya usakinishaji na waya wa chaji. Kompyuta ya mezani yenye diski mbili tunaifungua tukachomoa kebo ya ile ya data.

BitLocker ni nini, na kwa nini mnaniuliza barua pepe niliyoanzia nayo?

Ni kufuli la diski. Laptopu nyingi za sasa hujifunga zenyewe mara unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila kukupigia kelele. Usakinishaji mpya wa Windows 11 toleo la 24H2 ndivyo unavyofanya. Siku zote hulioni kufuli. Ukibadilisha mpangilio wa BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine), au ukitoa diski ili tuisome kwenye mashine nyingine, ndipo inapodai ufunguo wa tarakimu 48.

Ufunguo huo huwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku ya kwanza. Na siku ya kwanza nani aliiweka? Kijana wa dukani, kwa barua pepe aliyoibuni palepale kaunta ili mteja aondoke haraka. Nywila hakuna anayeikumbuka. Kwa hiyo mashine ikiwa ingali inawaka, ingia kwenye akaunti yako, tafuta ufunguo, uandike kwa kalamu au upige picha kwa simu. Bila ufunguo, diski iliyofungwa hatuwezi kuifungua, na anayekuambia anaweza anataka hela yako.

Nitapoteza leseni ya Windows?

Kama mashine ilikuja na Windows 8 au zaidi kutoka kiwandani, ufunguo umechomwa kwenye ubao mkuu wa mashine wenyewe. Piga toleo lilelile, Home kwa Home, Pro kwa Pro, na itajitambua ikipata intaneti. Office ni habari nyingine: hiyo inafuata akaunti au ufunguo ulionunua, utafute kabla.

Na Windows za kukraki? Hatupigi. Si ulokole. Programu ile ya kukrakia inakutaka kwanza uzime kinga ya virusi, na ukishazima umemfungulia mlango mtu usiyemjua.

Nimenunua laptopu ya mtumba. Nikipiga Windows upya inaniambia niingie kwa barua pepe ya kampuni ya Ulaya!

Mashine hiyo bado imeandikishwa kwa mwenye nayo wa kwanza. Makampuni makubwa husajili laptopu zao kwa Microsoft kwa namba ya utambulisho wa kifaa. Kila ikipigwa upya na kukutana na intaneti, inarudi kuulizia kazini kwake. Windows iliyokuwemo uliponunua iliwekwa bila mtandao, ndiyo maana hukuona kitu.

Anayeweza kuifuta kwenye orodha ni kampuni hiyo. Wewe dai lako ni kwa muuzaji. Ukinunua mtumba, sema mapema: tunapiga Windows hapahapa dukani, tunaunganisha intaneti ya simu yangu, nikiona imepita nalipa. Jaribu pia kuingia BIOS. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, rudisha. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Nahitaji nini ili nipige mwenyewe?

Flashi ya GB 8 au zaidi, tupu, maana itafutwa. Pakua Windows kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, ni bure kupakua. Faili lake ni zaidi ya GB 5, kwa hiyo pima bando lako, na masasisho ya baadaye yatakula mengine. Kulinakili faili hilo (ISO) kwenye flashi kama wimbo hakusaidii; tumia programu ya Microsoft ya kutengeneza flashi, au Rufus.

Kitufe cha kuchagua flashi wakati wa kuwasha: HP ni F9, Dell na Lenovo nyingi F12, Asus ni Esc. Acer nayo F12, ila mara nyingi lazima kwanza uiruhusu kwenye BIOS kwa F2. Gonga-gonga mara tu unapowasha, usisubiri nembo.

Na draiva, zile programu ndogo zinazoendesha vifaa vya mashine?

Pakua ya waifai kabla ya kufuta, kutoka tovuti ya watengenezaji wa mashine, kwa kutumia namba ya modeli iliyoandikwa chini ya laptopu. Bila hiyo unaweza kukaa mbele ya Windows mpya isiyojua mtandao, nayo inakuambia iunganishe mtandao ikapakue draiva. Ukikwama, chomeka simu kwa waya wa USB na ushiriki intaneti. Mara nyingi simu inatambulika bila draiva yoyote.

Laptopu za Intel kuanzia kizazi cha 11 zina kisa chao: unafika kwenye kuchagua diski na orodha iko tupu. Diski haijafa. Inataka draiva ya Intel ya hifadhi, ile ya VMD. Iweke kwenye flashi ileile mapema, uipakie pale penye kitufe cha kupakia draiva. Watu wameshauziwa SSD mpya kwa sababu ya orodha hii tupu.

Umeme ukikatika katikati?

Laptopu yenye betri nzima haina shida. Betri iliyokufa, ihesabu mashine yako kuwa ya mezani na utafute UPS, ile betri ya akiba. Ukikatika wakati wa kupiga Windows, mara nyingi unaanza upya, umepoteza muda tu. Ukikatika wakati wa kusasisha BIOS, unaweza kupoteza ubao mzima. BIOS tusasishe siku nyingine, au usiku umeme ukiwa umetulia.

Saa ya kompyuta inarudi nyuma miaka kila ninapoizima. Inahusiana?

Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao imeisha. Badilisha kabla ya kuanza. Tarehe ikiwa ya uongo, tovuti zinakataa kufunguka kwa usalama na Windows inashindwa kuhakiki leseni.

Mnapiga Linux?

Tunapiga. Ni mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na kwa zile EliteBook 840 G3 tunaipendekeza kuliko kulazimisha Windows 11. Linux Mint, au Ubuntu 24.04 ambayo inahudumiwa mpaka 2029. Ijaribu kwanza ikiwa kwenye flashi, bila kufuta chochote: angalia waifai, sauti, printa yako. Anayeishi ndani ya QuickBooks ya Windows asihangaike nayo.

Nakala za pasipoti za wageni zimo humo. Nyie mnaziona?

Swali zuri, na kampuni za utalii zingetuuliza zaidi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, pasipoti ya mgeni iliyo kwenye folda yako ni dhamana yako. Ukiweza, nakili mwenyewe kabla ya kutuletea, ubaki na diski yako. Tukinakili sisi, unashuhudia nakala ikirudi kwako na yetu ikifutwa mbele yako. Mashine unayoiuza au kuigawa, usitosheke na kufomati haraka. Tuambie tuifute kabisa.

Nilishafuta. Kuna matumaini?

Zima. Sasa hivi, usipakue hata programu ya kurejesha. Kama ilikuwa diski ya kuzunguka na hujaandika mengi juu yake, kuna nafasi. Kama uliisakinisha bila kufomati, tazama folda inayoitwa Windows.old kwenye C kabla haijajifuta yenyewe. Wengi wamekuta maisha yao yote humo. Kama ilikuwa SSD iliyofomatiwa, diski huwa inaamrishwa isafishe vyumba vilivyoachwa wazi, na hapo mara nyingi hakuna cha kuokota.

Nije lini, na nije na nini?

Makampuni ya utalii, njooni masika, Aprili na Mei, wageni wakiwa wachache. Kuanzia Juni mnatuletea mashine saa tano mkiitaka saa sita, gari liko nje linasubiri kwenda uwanja wa ndege wa KIA. Desemba nayo, wiki ya watu kupanda kwao Kilimanjaro, tusilaumiane.

Njoo na diski yako ya nje, nywila zako, ufunguo wa tarakimu 48 kama upo, na chaja yenyewe. Usisahau chaja. Wanne kati ya watano wanaokuja na kila kitu wameisahau chaja.